Wajina Wasiojuana: Moebius wa Mlimani na Baluku wa Bwera

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuvisaili vitabu: riwaya, tamthilia na diwani. Ni mara chache umeyashughulikia maandishi ambayo mwanafunzi huyaona kila siku pasipo kufahamu kuwa anasoma, nayo ni majina yaliyo katika ramani ya ukutani na yale yaliyo katika rejesta juu ya meza ya mwalimu. Katika makala haya tunakusudia kuyasoma maandishi hayo mawili kwa pamoja, kama yapatikanavyo katika shule za Kasese na Bwera, magharibi ya Uganda. Hoja yetu ni kwamba yote mawili yana ila moja. Yanalichukua jina ambalo mtu hulishiriki na wengi, yakalifanya litoshe kumtambulisha. Tena yanatufanya tudhani kuwa walishirikio ni jamaa. Ila hiyo imeingia hata katika Kiswahili chetu, katika tamko "jina la ukoo", ambalo sisi walimu hulitumia kila mwanzo wa mwaka bila kulipima.

Tuanze na ramani. Ramani ya Rwenzori itumikayo hadi leo ilipata majina yake mengi mwaka 1906, pale mwanamfalme wa Kitaliano, Luigi Amedeo, Mkuu wa Abruzzi, alipovipanda vilele vikuu na kuigawa safu ile katika milima sita. Mitano aliipa majina ya wasafiri waliomtangulia Afrika: Stanley, Speke, Baker, Emin na Gessi. Wa sita aliuita Thomson, lakini Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kikapendelea uitwe kwa jina la mwanamfalme mwenyewe, na hivyo ukawa Luigi di Savoia. Mwanafunzi wa Kasese hukariri majina hayo sita kwa ajili ya mtihani. Akiulizwa kilele kirefu kuliko vyote, hujibu Margherita, mita 5,109, na hupewa alama yake. Hapo ndipo somo linapokoma, ingawa ndipo lingepaswa kuanza.

Mwenye macho ya mhakiki ataona jambo moja mara moja. Maji ya Rwenzori yamebaki na majina ya wenyeji: Mubuku, Bujuku, Nyamwamba, Lhubiriha, Kitandara. Theluji ndiyo iliyopewa wageni. Sababu yake haiko mbali. Mgeni apandaye bonde humwuliza mwongozaji wake jina la mto, kwa kuwa hana budi kuuvuka. Lakini kilele hukiona kwa mbali, katika mwanya wa mawingu, naye hudhani kuwa kisichokanyagwa hakina mwenyewe wala jina. Wakonzo walikuwa wameshaijua theluji hiyo, wakaiita nzururu, wakaiweka chini ya Kithasamba, mwenye mamlaka ya mlima. Jina la dola na la harakati ya Rwenzururu limetoka humo. Hata hivyo, kusudi letu hapa si kulalamikia ugeni wa majina hayo, maana malalamiko hayo yameandikwa mara nyingi. Twataka kujua majina yenyewe ni ya nani.

Katika Mlima Stanley kuna kilele chenye urefu wa zaidi ya mita 4,900, nacho huitwa Moebius. Katika Mlima Baker kuna kiitwacho Semper. Katika Luigi di Savoia kuna Weismann, na katika Emin, upande wa Kongo, kuna Kraepelin. Haya yote ni majina ya Kijerumani. Wanafunzi wetu wengi hudhani kuwa hao walikuwa wapanda milima, na tumepata kuwasikia walimu wakiwaambia hivyo. Lakini hao hawakupanda. Hata mmoja wao hakuwahi kuiona Rwenzori. Majina yao yaliletwa na Franz Stuhlmann, Mjerumani aliyesafiri na Emin Pasha kutoka Bagamoyo mwaka 1890, katika msafara wa wapagazi ambao lugha yao ya pamoja ilikuwa hii yetu ya Kiswahili. Mwezi Juni 1891 Stuhlmann alipanda kutoka magharibi kwa bonde la Butahu, akafika kimo cha mita elfu nne na ushei, akarudi. Alivitazama vilele vya mbele yake, akavitaja kwa majina hayo manne. Mwanamfalme wa Kitaliano, miaka 15 baadaye, aliyaheshimu majina hayo, ila akayabandika juu ya vilele alivyoona vinafaa.

Stuhlmann alikuwa mtaalamu wa wanyama, na wote wanne aliowatunza walikuwa wataalamu wa wanyama wa Ujerumani wa zama zake. Jambo hili ndilo ufunguo wa kusoma majina hayo. Wataalamu wa fani ile wana desturi ya kumpa mdudu au samaki mpya jina la mwalimu wao au mwenzao, ili kumlipa fadhila. Stuhlmann mwenyewe alilipwa kwa namna hiyo: kuna fuko na kuna mmea wa lobelia wenye jina lake, na baina ya Mlima Stanley na Mlima Speke kuna kipito kiitwacho kwa jina lake. Basi alipoukabili mlima alifanya kama alivyozoea kufanya kwa mdudu aliye ndani ya chupa: aliubandika kibandiko cha shukrani. Kwa maoni yetu hapakuwa na ufidhuli katika tendo hilo, bali palikuwa na mazoea; lakini mazoea ya maabara si hoja ya kutosha ya kuuita mlima wa watu.

Hebu sasa tumtafute Moebius, ambaye kwa Kijerumani huandikwa Möbius, kwa o yenye nukta mbili. Mwanafunzi mwenye bidii akienda maktaba akamtafuta, atawapata wengi, na huenda akamchukua asiye wake. Wa kwanza atakayekutana naye ni August Ferdinand Möbius, aliyeishi kati ya 1790 na 1868, mwanahisabati na mnajimu wa Leipzig. Huyu ndiye wa ule utepe uliosokotwa mara moja na kuunganishwa ncha zake, hata ukawa na upande mmoja tu; mwalimu wa hesabu aweza kuutengeneza kwa kipande cha karatasi na gundi. Aliuchunguza mwaka 1858, na mwaka huohuo mwenzake Johann Benedict Listing naye aliufikia kwa njia yake, tena akatangulia kuuchapisha. Lakini utepe ukabaki na jina la mmoja. Huyu si wa mlimani.

Wa pili ni Paul Julius Möbius, aliyezaliwa 1853 na kufa 1907, tabibu wa mishipa ya fahamu. Yeye ni mjukuu wa yule mwanahisabati, na kuna ugonjwa wa kuzaliwa nao, wa kupooza uso, ulioitwa kwa jina lake. Mwaka 1900 alitoa kijitabu cha kudai kuwa akili ya mwanamke ni dhaifu kwa maumbile, na kijitabu hicho kikasomwa sana na kupingwa sana. Huyu naye si wa mlimani, na tunashukuru.

Wa tatu ndiye tumtakaye. Karl August Möbius aliishi kati ya 1825 na 1908. Hakuwa mwana wala mjukuu wa mwanahisabati. Alifundisha Kiel, akachunguza chaza wa bahari ya kaskazini, na mwaka 1877, katika kitabu chake kuhusu chaza na ufugaji wao, akatoa wazo kwamba viumbe vyote vya mahali pamoja huishi kama jumuiya moja, kila kimoja kikitegemea kingine. Alisafiri hadi Mauritius na Visiwa vya Shelisheli mwaka 1874 na 1875, na kuanzia 1888 aliliongoza jumba la makumbusho ya wanyama la Berlin. Ukimweleza mwanafunzi wa Bwera kuwa kilele cha Moebius kimeitwa kwa mtu wa chaza, mdudu wa baharini ambaye mwanafunzi huyo hajapata kumwona, atacheka; lakini hatamsahau tena.

Yupo na wa nne, wa zama za karibu: Jean Giraud, Mfaransa, mchoraji mashuhuri wa hadithi za picha, aliyefariki 2012. Alitia sahihi michoro yake mingi kwa jina la Moebius, kwa tahajia ileile iliyo katika ramani yetu. Hakuwa Mjerumani, wala hakuwa na damu ya Möbius yeyote. Jina alilitwaa tu, kama mtu avaavyo kanzu ya kuazima.

Tazama basi: babu na mjukuu, mtu baki, na mwenye kuazima. Wote ni Moebius. Katika Kiswahili tunalo neno linalowafaa, nalo ni wajina, au kama wasemavyo wengine, somo. Neno hilo husema tu kwamba jina ni moja, wala halidai kwamba damu ni moja. Ni neno lenye busara kuliko ramani.

Kwa Kraepelin mambo yamegeuka. Kilele kimeitwa kwa Karl Kraepelin, aliyeishi kati ya 1848 na 1915, mkuu wa makumbusho ya viumbe ya Hamburg. Anayejulikana zaidi duniani ni Emil Kraepelin, aliyekufa 1926, ambaye mpango wake wa kuyaainisha maradhi ya akili ulitawala vitabu vya utabibu kwa miaka mingi. Hawa ni ndugu wa tumbo moja, na jina limewakusanya kwa haki. Lakini msomaji anawezaje kuyajua hayo kwa kulitazama jina tu? Hawezi. Möbius wa chaza na Möbius wa utepe wana jina moja kama walivyonalo Kraepelin wawili. Tofauti haimo katika herufi.

Semper tutampita upesi. Wa mlimani ni Carl Semper, mtafiti wa wanyama wa Ufilipino, aliyefariki 1893. Naye aghalabu huchanganywa na Gottfried Semper, msanifu wa jumba maarufu la opera la Dresden. Weismann, kwa upande mwingine, hatuwezi kumpita, maana kazi yake inaligusa jambo letu. August Weismann, aliyezaliwa 1834 na kufa 1914, ndiye aliyepinga kwa nguvu imani kwamba mtu aweza kuwarithisha wanawe yale aliyoyapata kwa maisha yake. Aliwakata panya mikia, kizazi baada ya kizazi, na kila kizazi kipya kikazaliwa na mikia mizima. Kirithiwacho, alisema, ni mbegu, jeraha halirithiwi. Lingekuwa jambo la manufaa kama walimu wa Kasese, wanapofika katika kilele hicho kwenye ramani, wangewauliza wanafunzi: jina ni mbegu au ni mkia uliokatwa?

Mjerumani wa leo atajibu kwamba jina la ukoo hurithiwa. Naye atakuwa amesema kweli, lakini ameacha historia nje. Majina hayo hayakuwako tangu milele. Mengi yalianza kama lakabu ya kazi: Müller ni msaga unga, Schmidt ni mhunzi. Mengine yalitokana na jina la mtakatifu, kama Möbius lenyewe, ambalo asili yake ni Bartholomaeus. Kisha serikali ndiyo iliyoyagandisha. Katika Prussia amri ya mwaka 1812 iliwataka Wayahudi wachukue majina ya ukoo yasiyobadilika, wakati ambapo wengi wao walikuwa wakiitwa kwa jina lao na la baba, kama ilivyokuwa desturi ya pwani yetu. Karani alihitaji kitu cha kujaza katika safu ya daftari.

Na kutoka katika ukoo wa Kiyahudi wa Prussia alitoka Emin, yule ambaye jina lake lina mlima mzima. Alizaliwa mwaka 1840 akiitwa Eduard Schnitzer, na schnitzer maana yake ni mchongaji. Alibatizwa utotoni, akawa tabibu, akaingia katika utumishi wa Waturuki na kisha wa Misri, akajiita Emin, jina la Kiarabu lenye maana ya mwaminifu. Aliuawa Kongo mwezi Oktoba 1892, na kwa jina la kujipa ndivyo anavyokumbukwa. Stanley naye, ambaye mlima mrefu kuliko yote ni wake, hakuzaliwa Stanley: alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akaandikwa John Rowlands, na jina la Stanley alilichukua ukubwani huko Marekani. Kwa hiyo milima miwili kati ya sita imeitwa kwa majina ya watu walioyatupa majina yao ya ukoo. Mwalimu anayefundisha kuwa Mzungu hutambulika kwa jina la ukoo hana budi kueleza jambo hilo.

Serikali ya Zaire, katika miaka ya 1970, iliona aibu ya kuwa na mlima wa Stanley, ikauita Ngaliema. Nia ilikuwa njema. Lakini Ngaliema alikuwa mkuu wa Wateke katika eneo la Kinshasa, upande wa pili kabisa wa nchi, aliyeingia mikataba na Stanley huyohuyo. Theluji ya Wakonzo na Wanande ikatoka kwa mgeni wa mbali ikapewa mgeni mwingine. Hapakuwa na aliyewauliza wenyeji.

Tugeukie sasa maandishi ya pili, yaani rejesta. Kasese ni mji uliokuzwa na reli, iliyofika mwaka 1956, pamoja na shaba ya Kilembe. Madarasa yake yana watoto wa makabila mengi. Bwera iko karibu na mpaka wa Mpondwe, na huko rejesta ni ya Wakonzo karibu yote. Mwalimu mgeni akiifungua hushtuka. Baluku, Baluku, Baluku. Bwambale, Masereka, Bwambale. Biira, Masika, Biira, Kabugho. Hudhani kuwa ameletewa watoto wa nyumba tatu au nne. Baadaye huona kwamba Baluku wa dawati la mbele na Baluku wa nyuma hawajuani nyumbani, na kwamba Masereka aliye karibu naye ndiye ndugu yake wa tumbo moja.

Majina hayo ni ya zamu ya kuzaliwa. Kwa Wakonzo mvulana wa kwanza wa mama yake ni Baluku, au Mumbere. Wa pili ni Bwambale. Wa tatu Masereka. Wa nne Kule. Wa tano Thembo. Wa sita Mbusa. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu, wa tano Ithungu. Muhindo ni yule anayegeuza mkondo, azaliwaye baada ya ndugu wa jinsia nyingine. Hesabu ni ya uzazi wa mama, hata mume mwenye wake wawili aweza kuwa na Baluku wawili katika boma moja. Huu ni mpango ulio wazi kabisa kwa walio ndani yake: ukimsikia mtu anaitwa Kule, unajua kuwa wapo, au walikuwapo, kaka watatu mbele yake. Jina la Kijerumani halina habari ya namna hiyo. Möbius haliwezi kukuambia kama mwenyewe alikuwa kifungua mimba au kitinda mimba.

Hapo ndipo neno letu la Kiswahili linapoharibu. Fomu ya shule, na ile ya kitambulisho cha taifa ambayo Waganda waliandikishwa kwa wingi mwaka 2014, hutaka jina la mtu na jina la ukoo. Nasi tunapoifafanua kwa Kiswahili hutumia tamko hilohilo. Mtoto huandika Baluku. Lakini Baluku si jina la ukoo hata kidogo. Ukoo wa Mkonzo ni Abaswagha, au Abahira, au Abasukali, na koo nyingine. Kama tungelichukua swali kwa maneno yake, jibu sahihi lingekuwa Muswagha. Hakuna aandikaye hivyo. Matokeo yake ni kinyume cha kusudi la fomu. Ndugu wawili, Bwambale na Masereka, huonekana katika karatasi kuwa watu baki, na siku wanapotakiwa kuthibitisha undugu wao kwa ajili ya karo au urithi huhangaika kutafuta barua za mashahidi. Ilhali Baluku wawili wasiojuana huonekana ndugu. Baadhi ya wazazi, ili kuepa usumbufu huo, wameanza kuwaandika watoto wote kwa jina la baba. Basi msichana huitwa Biira Bwambale, na asiyejua hudhani Bwambale ni ukoo, kumbe ni zamu ya baba yake, au ya mumewe kama ameolewa. Kwa njia hiyo zamu ya mzee mmoja yaweza kugandishwa ikawa ukoo wa wajukuu, kama lakabu ya msaga unga ilivyogandishwa Ujerumani. Sisi hatusemi kwamba wazazi hao wanakosea. Tunasema kwamba wanalijibu swali baya kwa werevu.

Mpaka nao huongeza utata. Ng'ambo ya mto Lhubiriha, Kasindi hadi Beni na Butembo, wako Wanande, ambao ni watu wamoja na Wakonzo kwa lugha na desturi. Huko Baluku ni Paluku, Bwambale ni Kambale, Masereka ni Kasereka, Kule ni Kakule, Thembo ni Katembo. Biira ni Kavira, Mbambu ni Kahambu, Ithungu ni Katungu. Afisa asiyeijua lugha huyaona majina mawili ambapo mwenyeji huliona moja. Mwenye kuyastaajabia hayo na akumbuke Möbius na Moebius.

Kuna wenye majina hayo wanaojulikana mbali. Omusinga wa Rwenzururu, ambaye serikali ya Uganda iliutambua ufalme wake mwaka 2009, ni Charles Wesley Mumbere. Waziri wa mambo ya nje wa Kongo katika miaka ya 2007 na 2008 alikuwa Antipas Mbusa Nyamwisi. Na yuko Musa Baluku, kiongozi wa kundi la ADF. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 watu wa kundi hilo waliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapo Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Jina la mkuu wa wauaji lilitangazwa duniani kote, nalo ni jina ambalo mama yeyote wa Bwera humpa mwanawe wa kwanza. Msikilizaji wa mbali, aliyezoea majina ya Kijerumani na ya Kiingereza, hulisikia kama jina la ukoo, na aweza kudhani kuwa upo ukoo wa Baluku wenye kustahili kuogopwa. Hakuna ukoo huo. Kuna wazaliwa wa kwanza maelfu kwa maelfu: walimu, wakulima wa kahawa, mashemasi, maimamu, na watoto wa darasa la kwanza. Hatujui njia nyingine ya kuwalinda isipokuwa kueleza, kwa lugha ambayo nchi jirani pia huisikia, maana ya jina hilo. Kiswahili ndiyo lugha hiyo katika soko la Mpondwe, na ndiyo maana tumeona jambo hili ni la walimu wa Kiswahili.

Twarudi basi kwenye tamko. "Jina la ukoo" lina mahali pake. Lafaa kwa Mazrui na kwa Nabhany, kama lifaavyo kwa Kraepelin. Lakini hata pwani halikuwa ndilo pekee. Kiswahili kina neno ubini, yaani jina la baba lifuatalo la mwana, na ubini hauendi mbali zaidi ya kizazi kimoja. Shaaban Robert, ambaye kila mwalimu humtaja, alikuwa Shaaban bin Robert: Robert ni jina la baba yake, na mwanafunzi anayeandika katika insha kwamba Robert ulikuwa ukoo wa mshairi anastahili kusahihishwa kwa kalamu nyekundu. Lugha yenye neno la ubini na neno la wajina haina haja ya kuazima macho ya karani wa Prussia.

Tunapendekeza kwa wenzetu wa Kasese na Bwera mambo machache yasiyogharimu fedha. Katika rejesta ya darasa, ambayo ni mali ya mwalimu hata kama fomu za serikali si zake, safu iandikwe "jina la zamu" mahali pa "jina la ukoo", kisha iwepo safu ya ubini, na ya tatu ya ukoo kwa mzazi atakayependa kuutaja. Mtoto asiyekuwa Mkonzo ajaze zile zinazomhusu. Katika somo la insha, kila mwanafunzi achague jina moja la ramani, amtafute mwenyewe wa kweli na wajina wake angalau wawili, aeleze nani ni jamaa na nani ni baki, na kwa ushahidi gani. Kazi hiyo imefanyika katika darasa letu kwa majina ya Semper na Gessi, na ubishi uliotokea ulizidi ule wa methali na mafumbo.

Imebaki tahajia, nayo si jambo dogo. Lugha ya Kikonzo huandikwa kwa lh na th mahali ambapo mkono uliozoea Kiswahili huandika l na t. Tumeona rejesta ambamo Thembo ameandikwa Tembo, na darasa zima likaangua kicheko siku mwalimu alipoita jina, kwa kuwa mvulana wa watu alikuwa amegeuzwa ndovu. Ramani imeitunza herufi ya Mjerumani wa chaza, ikaibadili nukta mbili kuwa oe ili sauti isipotee. Heshima hiyohiyo tunamdai mwandishi wa rejesta: Thembo aandikwe Thembo, na binamu yake wa Kasindi aandikwe Katembo, hata kama mama zao ni mtu na dada yake.